Mjadala: Wenye kuamini dunia ni changa, kwa nini bado mnagombana na vipimo vya mawe?

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Kila ukitajwa umri wa dunia, Mkristo anayeamini ina miaka kama 6,000 husema vipimo vya mawe ni vya kubahatisha, na wa upande wa pili humcheka kwamba hakusoma. Mjadala unaishia hapo.

Kwanza tuiweke kando kaboni-14, yaani kaboni yenye mionzi iliyomo ndani ya viumbe. Nusu-maisha yake ni miaka 5,730, maana yake kila muda huo ukipita, nusu ya iliyokuwapo imeshaoza, yaani imegeuka kuwa kitu kingine. Baada ya miaka kama 50,000 hakibaki cha maana cha kupima. Ni kipimo cha mifupa, mkaa na nguo za kale. Anayesema "kaboni imeonyesha jiwe lina miaka bilioni" na anayemjibu "kaboni haiaminiki" wamepotea wote wawili. Mawe hupimwa kwa urani inayogeuka kuwa madini ya risasi, kwa potasiamu inayogeuka kuwa gesi ya agoni, na kwa jozi nyingine zinazooza taratibu mno.

Umri wa dunia unaotajwa na wanasayansi, miaka bilioni 4.55, aliupata mwanakemia Clair Patterson mwaka 1956 kwa kupima risasi iliyomo ndani ya vimondo, na tangu hapo umebadilika kidogo sana. Hesabu ya dunia changa iliyovuma zaidi ni ya Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, Ireland, ambaye mwaka 1650 aliuweka uumbaji mwaka 4004 KK baada ya kupanga vizazi vya Biblia pamoja na historia za wafalme. Wanaomdhihaki hawamtendei haki. Kwa vyanzo alivyokuwa navyo, ile ilikuwa kazi ya msomi.

Sasa hoja yangu. Kati ya 1997 na 2005, wanasayansi wanaoamini dunia changa walifanya mradi uitwao RATE, chini ya Institute for Creation Research na Creation Research Society, kuchunguza vipimo hivi hasa. Hawakurudi na habari kwamba maabara zinadanganya. Walikubali kwamba mawe yana alama za uozo ambao, kwa kasi ya leo, ungehitaji zaidi ya miaka milioni 500. Walichobishia ni kasi: kwamba iliwahi kupanda mno, wakati wa uumbaji na mwaka wa Gharika.

Ikiwa wataalamu wenu wamekubali uozo ulitokea, mbona mimbarini bado tunaambiwa vipimo ni uzushi?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi ni mmoja wa hao unaowauliza. Umeanza vizuri ila umeuruka mlima wenyewe. Mount St. Helens, Marekani, ulilipuka 1980, na kuba lake la lava likaendelea kujengeka hadi 1986. Lava ya 1986 ilipelekwa maabara ikiwa na miaka kumi tu, ikapimwa kwa potasiamu na agoni, likaja jibu la miaka 350,000. Watu waliiona lava ile ikitoka! Kama kipimo kimekosea pale tunapoijua tarehe, nikiamini vipi pale ambapo hapakuwa na shahidi?

Halafu mpimaji anadhani mambo matatu asiyoweza kuyaona: kwamba mwanzoni jiwe halikuwa na agoni wala risasi, kwamba hakuna kilichoingia wala kutoka, na kwamba kasi haikubadilika kamwe. Mungu alimuuliza Ayubu, "Ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya nchi?" Swali hilo linawahusu na wenye maabara.

Mleta mada

Asante kwa kuja na hoja. Potasiamu-40 ina nusu-maisha ya miaka bilioni 1.25. Ndani ya miaka kumi haizalishi agoni ya kupimika, kwa hiyo chochote kilichosomwa pale kilitoka kwingine: hewani, au kwenye fuwele za zamani zilizobebwa na lava. Kipimo kilitumiwa nje ya uwezo wake. Ukitaka mlima wenye tarehe, chukua Vesuvio, uliolipuka mwaka 79 BK. Mwaka 1997 fuwele zake zilipimwa kwa njia ya agoni iliyoboreshwa, zikatoa miaka 1,925, na kosa la miaka 94 juu au chini. Miaka halisi ilikuwa 1,918.

Dhana zako mbili za kwanza zina majibu. Fuwele ya zirkoni, madini magumu yanayopatikana ndani ya mawe, inapoumbika huipokea urani na kuikataa risasi. Tena ndani yake urani ziko mbili: urani-238, yenye nusu-maisha ya miaka bilioni 4.47, na urani-235, ya miaka milioni 704, na kila moja inaacha risasi ya aina yake. Risasi ikivuja, majibu mawili yanagombana na mpimaji anaona. Zirkoni za Jack Hills, Australia, zimefika hadi miaka bilioni 4.4 kwa njia hii.

Kuhusu kasi, twende Gabon. Mwaka 1972 Wafaransa waligundua kwamba urani ya mgodi wa Oklo ilikuwa na urani-235 asilimia 0.717 badala ya 0.720. Pungufu hiyo ni ndogo, lakini ilionyesha kwamba sehemu ya urani-235 ilishatumika, ikawafikisha kwenye kinu cha nyuklia kilichojiwasha chenyewe chini ya ardhi! Urani asilia ya leo haiwezi kuwaka hivyo kwa maji ya kawaida, maana urani-235 haitoshi. Piga hesabu kurudi nyuma miaka kama bilioni 2 kwa kasi hii hii ya sasa, na utakuta ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Kwa kiasi hicho kinawaka, maana yake hesabu ya kasi ya leo inalingana na kilichotokea.

Mchangiaji wa pili

Nimesomea jiolojia na Jumapili niko kanisani, naongeza mawili. Uozo wa nyuklia hutoa joto. Ukiibana miaka milioni mia tano ya uozo ndani ya mwaka mmoja wa Gharika, joto lake linayeyusha miamba, safina itaelea juu ya nini? RATE wenyewe walikiri tatizo hili hawajalitatua.

Pili, Agostino wa Hippo, mwanateolojia wa kale, hakuzichukua siku za Mwanzo kuwa siku za kawaida, na aliishi zaidi ya miaka elfu moja kabla mtu yeyote hajapima jiwe. Na Mathayo 1:8 inawaruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia. Vizazi vya Biblia si lazima viwe kalenda.

Mchangiaji wa kwanza

Mathayo hataji umri wa mtu. Mwanzo 5 inataja: Adamu alikuwa na miaka 130 alipomzaa Sethi, Sethi miaka 105 alipomzaa Enoshi. Hata ukipenyeza majina katikati, miaka haiongezeki.

Na mnasahau Kana, Yesu alipogeuza maji kuwa divai. Divai ile ilikuwa na dakika chache tu, lakini mkuu wa meza aliisifu kuwa njema. Adamu naye aliumbwa mtu mzima. Mungu ameshindwa nini kuumba jiwe lililokomaa?

Mleta mada

Hakushindwa. Ila zirkoni hazijakomaa tu, zina majeraha. Fuwele zimeharibiwa na mionzi, na atomu zilizopasuka zimeacha michirizi inayohesabika kwa darubini. Adamu kuumbwa mtu mzima naelewa. Adamu kuumbwa na kovu la kisu kilichomkata utotoni, ilhali utoto hakuwa nao, hapo nakwama.

Mchangiaji wa kwanza

Kwenye makovu nakubali hoja yangu ya Kana haitoshi, maana RATE nao wanasema uozo ule ulitokea kweli. Basi uozo nimeukubali, nabaki na kasi, na joto lake kwa sasa naliita muujiza kwa sababu sina jibu lingine. Lakini nanyi mmezungumzia mawe yote mkaikwepa Kutoka 20:11. Amri ya Sabato imejengwa juu ya siku sita, na wiki anayoamriwa Mwisraeli kufanya kazi ni wiki ya kawaida. Mchangiaji wa pili, wewe uliye kanisani, unaisomaje?