Nshakwama kwenye kupiga kanuni (ile ala ya nyuzi) na vijana ninaowafundisha nao wamekwama, wenye uzoefu naombeni ushauri

Kanuni_Malindi
Assalaam aleikum wanajamvi. Mie napiga kanuni kwenye kikundi cha taarab asilia hapa Unguja mjini, na baada ya alasiri nafundisha vijana wa mtaani. Tatizo langu nahisi nimesimama pale pale. Bashraf zetu, zile nyimbo za ala bila kuimba, nazijua zote hata ukiniamsha usiku wa manane napiga, harusini watu mashallah mashallah, lakini mwenyewe najua nikipewa taksim, pale unapopiga peke yako ukibuni papo hapo, narudia vile vile vya mwaka juzi na mwaka wa juzi yake. Halafu ikija shoo kubwa, tuseme Ngome Kongwe wakati wa Sauti za Busara, wageni wamejaa, mikono inakuwa mizito natetemeka utafikiri ala naiona siku ile.
Na hao vijana sasa. Kuna mmoja ana kipaji cha ajabu, mwanzo kila anachosikia anakishika hapo hapo, siku hizi kitu kipya hataki hata kukigusa, akikosea tu anavua vikucha vya kupigia nyuzi anasema leo siko vizuri. Mwengine mgumu wa kushika lakini haendi mbio hasimami, namuona anapanda. Niwakazanie zaidi au? Au mie ndio nshafika mwisho wangu? Na mazoezi nafanya jamani, kikundi tunakutana takriban kila usiku baada ya isha, sio mvivu mie.

Yakhe_Ngambo
Umelogwa yakhe 😂😂 vuka bahari nenda Pemba ukaaguliwe

Kocha_Gombani
Tuacheni sie Wapemba na waganga wetu 😂 narudi kuchangia nikitoka uwanjani

FidlaMzee
Waaleikum salaam. Mwanangu usikasirike, wewe mazoezi hufanyi. Unachofanya kikundini ni kupiga, unapiga unachokijua pamoja na wenzako wanaokijua, na hapo hata ukae mpaka alfajiri vidole vinapita njia zile zile. Hiyo kazi ina umuhimu wake, kikundi kinashikana, lakini kujifunza ni jambo jengine na lina wakati wake mbali. Tafuta nusu saa asubuhi ukiwa peke yako, usipige chochote unachokiweza. Chukua pahala panapokushinda, pahala padogo tu, piga polepole mpaka uone haya, ukikosea punguza tena mwendo, ukishapaweza ndio unaunga na kilichotangulia. Rikodi kwa simu usikilize kesho yake usisikilize hapo hapo, hapo hapo sikio linakusamehe.
Taksim nayo usiivamie yote. Shika Rast peke yake, ngazi moja ya nota, mpaka ikukinai. Leo cheza na nota nne za chini tu, uone unaweza kusema nini na hizo nne bila kukimbilia juu. Kesho nenda mpaka nota ya tano hapo uingie Hijaz, ngazi nyengine, halafu utafute njia ya kurudi nyumbani. Na kabla hujagusa uzi imba kwa mdomo, maana vidole vina mazoea yao lakini mdomo hauna, ukiimba utasikia unachotaka kusema wewe.
Kuhusu kufika mwisho wako, hebu. Siti binti Saad, yule muimbaji wa taarab, alitoka Fumba anauza vyungu, mjini kaingia mtu mzima ndio akakaa chini akafundishwa, na alipokwenda Bombay kurikodi 1928 umri ulikuwa unakaribia hamsini. Wewe una umri gani?

Mkweli_wa_Wete
Haya mambo ya maindiseti, eti mtu ajifunze polepole hata ukubwani, ni ya mamotivesheni spika wanaouza semina. Sie chuoni kwenye Qur-ani tulichapwa na skuli tukachapwa na tukajua. Huyo kijana mkaze

Binti_Vuga
@Mkweli_wa_Wete na walioacha kwa ajili ya bakora je, uliwahesabu? Wewe unajiona wewe ulobakia tu.

Kocha_Gombani
Nimerudi. Mie ni wa mpira sio wa ala lakini vijana ni vijana. Huyo mwenye kipaji nadhani mlimharibu kwa sifa, kila siku anaambiwa una kipaji una kipaji, sasa kila akikosea anaona kipaji kinamtoka mbele za watu, bora asijaribu abaki na jina lake. Acha kusifu kipaji, sifu alichokifanya. Mwambie "leo ile sehemu uliipiga polepole ukairudia mpaka ikakaa", basi, asikie kwamba unamuona anavyohangaika. Na makosa msahihishe moja kwa siku. Mie zamani mchezaji akitoka nampa mambo chungu nzima, mguu, jicho, nafasi, pasi, anaitikia ndio kocha ndio kocha na kesho hakumbuki hata moja. Siku hizi nachagua moja ambalo likikaa sawa mengine yatafuata, hayo mengine nayameza ingawa roho inaniuma.
Hilo la kutetemeka, nyote mnakumbuka fainali ya CECAFA 2017 Machakos, sie Zanzibar tumewashika Kenya 2-2 halafu penalti zikatutoa 3-2. Penalti mazoezini kila mtu anafunga kwa sababu hakuna anayemtazama. Mie napigisha mwisho wa mazoezi, wameshachoka, wenzao wamesimama nyuma ya goli wanawazomea. Na nyie fanyeni hivyo hivyo, kila Ijumaa kijana apige kipande kimoja mbele ya watu, na asirudie

Binti_Vuga
Kuzomea hapana kocha, labda huko uwanjani kwenu. Mie naimba na nimeona wasichana wakiacha kwa kucheko cha mtu mmoja tu ukumbini. Watu wawepo ndio, waite mama zao na majirani, lakini wakae kimya wasikilize, hiyo peke yake presha tosha.
Na wewe Kanuni_Malindi usingoje kutetemeka kuishe ndio ujione uko tayari, moyo unadunda hata kwa waliozeekea jukwaani, waulize faragha watakwambia. Mie nashusha pumzi, kutoa iwe ndefu kuliko kuvuta, na wimbo wa kwanza siku zote uwe ninaoujua mpaka basi. Wewe una nyuzi 78 yakhe, nenda mapema utyuni bila haraka, joto la ukumbi litazivuruga utatyuni tena, na hiyo tyuni ya pili ndio itakutuliza. Ukianza mtazame mpiga ngoma wa dumbak usiwatazame wageni. Shoo ikisha usiku ule usizungumze makosa na mtu, nenda ukale urojo ukalale.

Kanuni_Malindi
Ahsanteni sana wallahi. FidlaMzee umenipiga pabaya, kweli peke yangu sikai na ala mpaka iwe kuna wimbo mpya. Swali, huyo mgumu wa kushika kaanzia kinanda, Rast ile nota ya tatu anaipiga kama ya kinanda, haimkai. Na kwenye samai, ule mdundo wa mapigo kumi, wote wananienda mbio.

FidlaMzee
Nota ile kwenye kinanda haipo, iko baina ya funguo mbili, atajuaje. Msikilizishe, aiimbe, asishike ala mpaka aisikie. Samai waweke ala chini wapige makofi, tatu mbili mbili tatu, kumi zikamilike huku wanatembea.

Kanuni_Malindi
Sawa mzee. Na yule mwenye kipaji, nimkalishe nimwambie hayo ya kocha au nianze tu?

Kocha_Gombani
Usimhutubie, atajua anazungumzwa. Chukua kitu ambacho hata wewe hukiwezi mjifunze pamoja, akuone unakosea unarudia na huvui vikucha

Kanuni_Malindi
Kuna bashraf moja wazee wanaipiga kila nikijaribu inanishinda katikati, ntaanza nae hiyo Jumamosi inshaallah. FidlaMzee nyuzi za nailoni siku hizi unapata wapi?

FidlaMzee
Njoo inbox