Nataka kutoa redio ya IST nifunge tableti kwenye dashibodi, waliowahi kufanya naombeni mwongozo

Mwalimu wa Chikongola:
Habari za jioni wakuu. Nina Toyota IST ile toleo la kwanza, ilikuja na redio yake ya Kijapani, maandishi yote Kijapani na FM inaishia 90 kwaiyo stesheni nyingi za huku kwetu sizipati, na CD yenyewe haisomi tena. Nyumbani nina tableti ya Samsung inchi 8, inaingia laini, haina kazi kubwa. Nataka niitoe ile redio kabisa tableti ikae palepale, iwe ndo redio, iwe ramani, na watoto wasikilize kaswida zao tukiwa safari. Natembea sana Mtwara Masasi, na likizo tunaenda Dar kwa kupita Lindi na Nangurukuru. Sasa sauti inatokaje kwenye spika za gari? Umeme nauchukua wapi bila kuua betri? Na hili joto letu la Novemba Desemba itastahimili kweli? Kuna fundi hapa mjini ameniambia anakata dashibodi na kazi inaisha siku hiyohiyo, ila nilipomuuliza habari ya sauti hakunipa jibu, ndo nikasita.

Dereva Mtama:
Mwalimu achana na tableti, tafuta redio ya Android ya gari yenye fremu ya Toyota na plagi zake, unachomeka tu hukati waya hata mmoja. Ina FM, ina amplifaya ndani, ina sehemu ya kamera ya nyuma. Ila usichukue ya RAM GB 1, itakutesa, ukifungua ramani na muziki pamoja inaganda. Halafu kama hicho ni kishikwambi cha shule usikifunge kwenye gari, ile ni mali ya umma.

Mwalimu wa Chikongola:
Hapana kaka, hii niliinunua mwenyewe. Vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu vinabaki kwenye kazi ya shule.

FundiWaya Mikindani:
Mwalimu, kusita umefanya jambo la maana sana. Mtu anayetaka kukata dashibodi kabla hajakueleza sauti inapita wapi usimpe gari.

Iko hivi. Ile redio unayotaka kuitoa, ndani yake kuna amplifaya, na hiyo ndo inayosukuma spika zako. Tableti haina hiyo kitu, tundu lake la hedifoni linatoa nguvu ya kutosha masikio tu, ukiunga spika za gari pale utasikia kama mbu. Kwaiyo ukitoa redio ni lazima uweke kingine cha kusukuma, ama amplifaya ndogo ya chaneli nne unaificha nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, ama redio ya kawaida ya bei nafuu yenye bluututhi na AUX, lile tundu la kuchomeka waya wa sauti. Mie nakushauri hiyo redio ya kawaida, maana unapata FM ya mpaka 108 hapohapo, tableti inabaki kuwa kioo cha ramani na muziki, na siku tableti ikifa bado unasikiliza taarifa ya habari. Tableti nyingi hazina FM kabisa, ni mpaka uwe na bando. Kama bajeti imebana sana, hiyo hiyo ya Kijapani inawekewa kile kidude cha kubadilisha masafa, mafundi wanaita ekspanda, unakiunga kwenye waya wa antena. Kinashusha masafa yetu yaingie kwenye yale ya Japani ya 76 mpaka 90, ila namba utakayoona kwenye kioo haitafanana na ya stesheni, na hakipati masafa yote kwa mkupuo mmoja.

Sasa vipimo. Tundu la redio kwenye Toyota nyingi zilizotoka Japani lina upana wa milimita 200 na kimo 100. Tableti ya inchi 8 ina kama 210 kwa 125, haiingii kabisa pale ndo maana jamaa anataka kukata. Na ukiibandika kwa juu inaweza kufunika matundu ya hewa au batani za AC. Usikate, dashibodi ya plastiki ikishakatwa hairudi. Tumia stendi ya kufungwa kwa skrubu kwenye fremu ya redio, iwe ya kuchomoa. Na isikae sehemu yenye maandishi ya SRS, pale kuna eabegi, ule mfuko wa hewa wa ajali, ikifyatuka inakurushia tableti usoni.

Umeme: usichukue waya wa muda wote, chukua ule unaowaka ukizungusha swichi kwenye ACC, yaani pale redio inapowaka kabla ya kuwasha injini, uweke fyuzi ndogo ya ampia 5 karibu na pale ulipounga, halafu kishusha umeme cha kutoa volti 5 ampia 3. Gari likiwa linanguruma umeme unafika volti 14 na kitu, tableti haitaki hiyo. Rangi za nyaya za Toyota yenyewe si zile za redio za dukani, njano na nyekundu usizitegemee, pima kwa mita. Na waya hasi wa spika usiuunge kamwe kwenye bodi ya gari, nyaya zote mbili za spika zina umeme kutoka kwenye amplifaya, ukigusisha bodi chipu inaungua. Kwetu huku pwani kuna chumvi hewani, shaba inaota kijani upesi, kwaiyo viungio vyote tia risasi ya kulehemu kisha vika mpira wa kubana kwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu peke yake ni kazi ya miezi michache.

Binti Newala:
Mie natumia tableti kwenye Noah, nimeifunga vile anavyosema fundi, redio imebaki. Kuhusu joto nisikilize vizuri mwalimu maana hapa ndo penye hatari yenyewe. Apple wanaandika wazi kwamba iPad itumike kwenye nyuzi 0 mpaka 35 na isihifadhiwe kwenye zaidi ya 45, na tableti nyingine zina betri za aina ileile ya lithiamu. Gari ikikaa juani pale stendi vioo vimefungwa, dashibodi inapita nyuzi 60. Betri iliyojaa asilimia 100 kwenye joto hilo inaumuka, inasukuma kioo kinabanduka, na ikiharibika zaidi inaweza kushika moto. Kwaiyo ukishuka chomoa, tia kwenye mkoba, na vibaka hawatakuwa na cha kukuvunjia kioo. Weka ile setingi ya kuzuia chaji isijae kama tableti yako inayo, kwa Samsung ipo kwenye nyingi za karibuni.

Ramani shusha kabisa ukiwa mjini, Organic Maps au OsmAnd, hata Google Maps inakubali kushusha eneo, kwa sababu vipo vipande vya njia ya Lindi kwenda Nangurukuru mtandao unakata na wewe una watoto kwenye gari. Vizuri yako inaingia laini, baadhi ya tableti za waifai pekee hazina GPS.

Mwalimu wa Chikongola:
Dada nashukuru sana, na fundi pia. Nimeshaamua redio ya kawaida yenye bluututhi na tableti kwa stendi. Vimebaki viwili. Kamera ya nyuma nikitaka ionekane kwenye tableti inawezekana? Na rafiki yangu wa Lindi mjini akichaji simu huku ameweka AUX anapata mluzi unaopanda akikanyaga mafuta, hiyo inasababishwa na nini?

FundiWaya Mikindani:
Huo mluzi ni wa oltaneta, ile mashine ya kwenye injini inayochaji betri. Chaja na AUX zote zimeshika hasi ya gari kwa njia mbili tofauti, ndo kelele inapita humo. Akitumia bluututhi unaisha, au anunue kile kichujio cha kupachika katikati ya waya wa AUX, ni kidogo na si cha bei mbaya. Wewe ukitumia bluututhi hutausikia.

Kamera inawezekana ila sikushauri kwenye tableti. Kamera nyingi za gari zinatoa picha kwa waya wa njano wa video, tableti haina pa kuupokea, inabidi kidude cha kuugeuza kuwa USB na programu ya kufungua kwa mkono kila ukiingiza rivasi, picha nayo inachelewa kidogo, na kwa mtoto anayepita nyuma ya gari hiyo chelewa ni mbaya. Tena tundu la USB ni hilohilo la kuchajia, vyote pamoja mara nyingi vinagoma. Kama kamera unaitaka kweli, chukua alichosema Dereva Mtama, redio ya Android, waya wa rivasi unawasha picha yenyewe.

Dereva Mtama:
Na kwenye redio ya Android hamna betri ya lithiamu ndani, gari ikilala juani huna wasiwasi wa kuumuka. Mie ndo maana niliisema toka mwanzo. Ila kwa bajeti ya mwalimu na tableti anayo tayari, njia ya fundi iko sawa.

Mwalimu wa Chikongola:
Kamera basi niiache kwanza, nitageuka nyuma kwa macho yangu. Fundi, Jumamosi nakuja Mikindani, ninunue nini kabisa kabla sijafika?

FundiWaya Mikindani:
Nunua redio na fremu yake ya milimita 200 na plagi ya Toyota, hakikisha kwenye boksi imeandikwa FM mpaka 108. Stendi ije na skrubu, zile za kunyonya kwenye kioo zinadondoka jua likiwa kali. Kishusha umeme, fyuzi na mipira ninavyo hapa. Njoo asubuhi mapema kabla dashibodi haijapata moto, plastiki za kubana zinatoka bila kuvunjika.