Usiku silali tangu siku zangu zianze kuyumba, wamama wa Kusini mlifanyaje?

Mama_Kibaraza
Habari zenu jamani. Naandika hii saa 9 usiku nimekaa kibarazani maana ndani hakukaliki. Nina miaka 49, nipo Mtwara mjini huku Chikongola, nakaanga samaki nauza, kwa hiyo saa 11 alfajiri lazima niwe nimeamka hata kama sijalala.

Tangu mwaka jana siku zangu zimeyumba, naruka miezi miwili, ya tatu inakuja siku 10 mfululizo tena nyingi. Hilo nililivumilia. Kinachonimaliza ni usiku. Saa 4 nalala vizuri tu, ikifika saa 8 nashtuka kama mtu kanimwagia uji wa moto kifuani, unapanda shingoni mpaka usoni, moyo unaenda mbio, kanga inalowa naikamua, halafu dakika chache tu baridi inanishika natafuta shuka. Baada ya hapo macho makavu mpaka adhana ya alfajiri. Usiku mmoja inanijia mara 2, mwingine mara 4.

Mchana nasahau chenji za wateja, wiki iliyopita nilitia mkono karibu na mafuta ya moto kabisa akili haipo, wanangu nawafokea kwa vitu vidogo halafu nalia peke yangu jikoni. Dukani nilipewa piriton, nalala kweli lakini asubuhi naamka kichwa kizito kama gunia la korosho. Kituo fulani nilichoenda nikaambiwa ni uzee tu nirudi nyumbani, miaka 49 jamani.

Kinachoniuma zaidi, unyago nilichezwa, nikawekwa ndani, somo yangu akanifundisha kila kitu cha damu kuanza, jinsi ya kujisitiri, jinsi ya kuishi na mume. Hakuna aliyenifundisha damu ikiwa inakoma inakuwaje. Mama yangu alifariki sijawahi kumuuliza. Naombeni waliopitia wanieleze, hii inaisha lini na usiku mlikuwa mnaupitishaje?

bimkubwa wa Masasi
Pole sana mdogo wangu, umenikumbusha mbali. Mimi nina 57 sasa, ilinianza nikiwa na 48 nikadhani ni malaria nikapima mara tatu sina kitu. Kwangu ule moto ulikaa miaka kama sita lakini miwili ya kwanza ndo ilikuwa mikali, baadaye ukawa unapungua wenyewe. Kuna jirani yangu hakuupata kabisa na mwingine ana 60 bado anafukuta, kwa hiyo usijipimie kwa mwenzio.

Nikuulize kitu, godoro lako bado lina nailoni yake ya dukani? Usishangae swali, huku kwetu tunaliacha na nailoni lisichafuke, mimi nililalia miaka minne hivyo. Ile nailoni inashika joto na jasho halina pa kwenda. Nilivyoitoa nikatandika shuka la pamba, nikaona tofauti wiki hiyo hiyo. Gauni la kulalia nalo kama ni lile la kuteleza liweke pembeni, lala na kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika, na nyingine kavu weka karibu na mto pamoja na kitambaa kilicholoweshwa maji ili moto ukija usihangaike kuamka, unajifuta shingo na kifua, unabadili kanga, unarudi gizani hapo hapo. Ukiwasha taa ukaanza kutafuta nguo kabatini usingizi umeshaondoka.

Mwezi wa 11 na wa 12 kabla mvua haijashika ndo vita, joto la nje na la ndani vinakutana. Umeme ukikatika feni inazima, mimi nilikuwa nashuka nalala kwenye mkeka sakafuni na chandarua juu yangu, sakafu ya sementi ina ubaridi wake. Chandarua usiache lakini.

Na chai. Mimi nilikuwa mtu wa chai ya rangi kikombe cha mwisho saa 3 usiku, sikuamini kama ndo iliyokuwa inaniweka macho. Pilipili ya usiku pia iliniwasha moto. Na msimu wa mabibo, kama ni mtu wa kuonja uraka (pombe ya mabibo), unalala haraka ndio ila saa 7 unaamka umelowa kuliko kawaida.

Mpwa_wa_Kilwa
Dada yangu moto wa saa 8 usiku unaokushtua na moyo kwenda mbio hiyo sio bure, huyo ni jini mahaba. Shangazi yangu ilikuwa hivyo hivyo akasomewa akapona. Usipoteze hela hospitali.

Nesi_Mstaafu_Lindi
Mwanangu wa Kilwa, dua ni nzuri na mimi mwenyewe nasoma kila usiku, lakini usimwambie mtu asiende hospitali. Nimekaa wodi ya wanawake miaka mingi, nimewaona walioambiwa ni jini wakaja kwetu wamechelewa.

Dada wa Chikongola, ngoja nikueleze kilivyo maana hata wahudumu wengine hawaelezi. Kwenye umri wako mayai yanaelekea kuisha, homoni ya estrojeni inapanda na kushuka bila mpangilio kisha inashuka moja kwa moja. Ubongo una sehemu inayopima joto la mwili, na estrojeni ikiyumba ile sehemu inakuwa nyepesi kushtuka, joto likizidi kidogo tu inaona mwili unaungua, inafungua mishipa ya ngozi na kutoa jasho ili upoe. Ndo ule moto. Ukishapoa kupita kiasi unatetemeka. Projesteroni nayo, ambayo inasaidia mwili kutulia, inapungua. Kwa hiyo hujarogwa na hujazeeka kabla ya wakati, wengi wanapata kati ya miaka 45 na 55.

Ila kuna mambo lazima yaangaliwe kwanza, na hapa naomba unisikilize. Hizo siku 10 za damu nyingi zinaweza kukupunguzia damu, na upungufu wa madini ya chuma unafanya miguu isitulie usiku, kwa hiyo pima wingi wa damu. Pima presha, sukari (kama unaamka kukojoa mara nyingi), na tezi ya shingo kama hospitali wana kipimo, maana tezi ikizidi kazi inaleta joto na mapigo hivi hivi. Kama kuna kikohozi cha wiki 2 au zaidi na unakonda, jasho la usiku linaweza kuwa TB, sema wazi wakupime makohozi. Mume akikuambia unakoroma mpaka pumzi inakatika, litaje pia. Na mimba bado inawezekana! Kukoma hedhi tunahesabu baada ya miezi 12 kamili bila damu, wewe hujafika, uzazi wa mpango usiuache. Siku ukishamaliza hiyo miezi 12 halafu damu ikatoka tena, hata tone, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, hiyo haisubiri.

Piriton ni ya mafua na aleji, ule uzito wa asubuhi ndo yenyewe bado imo mwilini, na wewe unasimama mbele ya mafuta ya moto. Diazepam, ile dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, usinunue kienyeji, mwili unaizoea na kuiacha ni shida.

Kuna dawa za homoni, zinatuliza sana huo moto na usingizi unarudi. Ila hazifai kwa kila mtu, aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda kwenye mishipa, kiharusi, au anayetoka damu ambayo sababu yake haijajulikana, hapewi. Mwenye kizazi anapewa estrojeni pamoja na projesteroni, sio estrojeni peke yake. Asiyefaa homoni zipo dawa nyingine ambazo daktari anaweza kuandika. Uliza hospitali ya Ligula kwa daktari wa wanawake, usikubali tena kuambiwa ni uzee.

Sasa kitanda. Wewe unalala saa 4 mpaka saa 8, halafu unabaki kitandani masaa matatu unahesabu mbao za dari. Mwili unajifunza kwamba kitandani ni pa kukesha. Fanya hivi: ukiona kama dakika 20 zimepita huna usingizi, ondoka, kaa kibarazani kama unavyofanya ila simu acha ndani, fanya kitu cha taratibu, chambua mchele, vuta uradi, sali kama unataka, rudi macho yakiwa mazito. Kuamka iwe saa 11 kila siku hata siku ambayo huuzi. Na mchana usilale, ukishindwa kabisa dakika 20 kabla ya saa 9 alasiri.

Mama_Kibaraza
Nesi mama yangu Mungu akuweke. Nimesoma mpaka machozi. Swali, kama nikiamka saa 11 na usiku napoteza masaa matatu, si bora nilale mapema zaidi nifidie, hata saa 2?

Nesi_Mstaafu_Lindi
Hapana, hapo ndo wengi tunakosea. Ukiingia saa 2 utaamka saa 6. Piga hesabu unalala masaa mangapi ya kweli, kama ni 5 basi ingia kitandani saa 6 usiku uamke saa 11. Wiki ya kwanza utachoka sana, sikufichi, siku hizo kwenye karai la mafuta aweko mtu mwingine. Lakini usingizi unajikusanya. Ukiona unalala muda mwingi wa hayo masaa, ingia mapema kwa dakika 15 kila wiki, saa 6 kasorobo, halafu saa 5 na nusu. Chini ya masaa 5 usishuke. Mwenye kifafa au dereva asifanye bila daktari.

Baba_wa_Newala
Samahanini wamama mimi ni mwanaume ila nimeona nichangie. Mke wangu alikuwa hivi mwaka juzi, mimi nikadhani hanitaki, kila nikimsogelea ananisukuma, anasema nina joto, nikahamia chumba kingine kwa hasira tukawa hatuongei mwezi mzima. Dada yangu ndo akanieleza. Nilijisikia vibaya mno kwa sababu yeye alikuwa anateseka na mimi nimenuna. Huku Newala usiku kuna ubaridi kidogo kuliko mjini Mtwara, lakini yeye alikuwa anafungua dirisha usiku wa manane. Nikaweka wavu dirishani ili likae wazi, tukatumia mashuka mawili kila mtu lake, na asubuhi watoto nawaandaa mimi. Dada mwonyeshe shemeji huu ujumbe wangu, asome mwenyewe.

Mama_Kibaraza
Wadau nimerudi baada ya wiki tatu. Ligula nilienda, damu kweli ilikuwa imeshuka nimepewa vidonge vya madini ya chuma, presha na sukari ziko sawa, natakiwa kurudi kupiga ultrasaundi ya kizazi kwanza ndo waongee habari ya homoni. Chai mwisho saa 8 mchana. Ile wiki ya kwanza ya saa 6 nilitamani kuacha, binti yangu ndo alikuwa anakaanga mimi napokea hela tu. Sasa naingia saa 5 na nusu, moto unakuja bado, jana mara 2, ila nabadili kanga gizani narudi kulala, juzi nililala mpaka nikaamshwa na adhana.

Baba wa Newala, nilimpa mume wangu simu asome. Hakusema kitu. Jioni nimerudi sokoni nikakuta nailoni ya godoro imechanwa yote iko nje, na shuka la pili limetandikwa.