Jubilii ni wapi?

*Kikundi: Ukoo Wetu, Idi Pili*

Bi Zuwena (Maskati), 14:06
Assalam aleykum. Nimetua Unguja jana usiku, alhamdulillahi. Leo baada ya magharibi tukutane Jubilii. Atakayechelewa ananunua urojo wa watu wote.

Hemed, 14:09
Waaleykum salaam, shikamoo shangazi. Nitakuwa wa kwanza!

Ami Salum, 14:15
Karibu nyumbani dada. Mie nakuja na mkeka.

Hemed, 18:52
Nshafika. Mbona hamna mtu? Hata muuza pweza hayupo

Rukia, 18:52
Uko wapi wewe?

Hemed, 18:53
Vuga, bustani ya Victoria. Si ndo yule malkia wa jubilii?

Rukia, 18:53
😂😂😂

Ami Salum, 18:55
Umekosea jubilii mwanangu. Hiyo ya Waingereza. Shangazi yako anasema ya Sultani wetu, Seyyid Khalifa bin Haroub. Njoo Forodhani!

Hemed, 18:55
Sasa si angesema Forodhani tu 🙄

Bi Zuwena, 18:58
Sie ndivyo tulivyoiita. Seyyid Khalifa alikalia kiti 1911. Alipotimiza miaka 25, mwaka 1936, ndiyo ikaja bustani hii. Mama akituleta hapa tumevaa nguo za Idi, ole wako uikalie nyasi.

Rukia, 18:59
Na jina la Forodhani, ilikuwa forodha kweli?

Ami Salum, 19:02
Kweli kabisa. Mabanda ya forodha yalikuwa papa hapa mbele ya Ngome Kongwe, kabla shughuli hazijahamia bandari ya Malindi. Na gari moshi la Bububu, lililojengwa na Wamarekani 1905, lilikuwa likianzia

Mama Ibra, 19:02
Ami, gari moshi baadaye, watoto wana njaa 🙏

Mama Ibra, 19:04
Tuko upande wa bembea. Jamani ulizeni bei KABLA ya kuchagua mshikaki. Ukishashika kijiti umekwisha. Na ngisi muangalie kama wa leo.

Rukia, 19:05
Mie maji ya miwa, yenye ndimu na tangawizi. Zanzibar piza nawaachia wageni

Mama Ibra, 19:06
Ibra anataka kupiga makachu!!! Kavua shati tayari

Ami Salum, 19:06
Mzuie, usiku huu. Makachu ya jioni, maji yakijaa. Wale vijana wanaoruka pale ukutani wanaijua bahari ilivyo chini.

Bi Zuwena, 19:10
Pamekuwa pazuri, mashaallah. Njia za mawe, taa. Nani kafanya?

Ami Salum, 19:12
Taasisi ya Aga Khan. Walipafunga, wakajenga upya mpaka ukuta wa bahari, wakapafungua 2009. Mie nilinung'unika sana wakati ule, nikisema watatuharibia. Basi nimekula maneno yangu pamoja na pweza.

Bi Zuwena, 19:13
Na lile tao la Binti Mfalme Margaret wa Uingereza, 1956! Likajengwa kumpokea, mwenyewe akashukia kwengine 😄

Bi Zuwena, 19:16
Salum, nimegeuka nyuma. Mnara wa saa wa Beit el Ajaib, lile Jumba la Maajabu, siuoni.

Rukia, 19:19
Ulianguka shangazi. 25 Desemba 2020, pamoja na upande wa mbele. Watu wawili walifariki.

Bi Zuwena, 19:20
Inna lillahi. Nilisikia. Sikujua kama utaniuma hivi nikisimama hapa. Saa ile ndiyo iliyokuwa ikituambia turudi nyumbani.

Ami Salum, 19:21
Njoo ukae mkekani dada. Nakuletea chai.

Hemed, 19:27
Nimefika!! Nawaona

Mama Ibra, 19:27
Usije bado. Pitia kwa muuza urojo, bakuli 11. La Ibra bila pilipili.

Hemed, 19:28
11??

Bi Zuwena, 19:28
12. Mie langu mawili.