Riwaya za upelelezi katika jalada la ngozi: kununua seti ya wakusanyaji, kujalidi nakala zangu, au kutengenezewa makasha?

Msomaji wa Njiro
Wanajukwaa, heshima kwenu. Nimepokea tangazo la wajalidi wa Uingereza wanaowauzia wakusanyaji riwaya za upelelezi zilizopata wasomaji wengi, kila kitabu kikiwa kimevishwa ngozi ya mbuzi kote, jina likiwa limepigwa kwa dhahabu mgongoni. Kwa upande mwingine ninazo nakala zangu: za Agatha Christie, nyingi zikiwa za jalada laini, pamoja na hadithi za mpelelezi Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla na za jasusi Willy Gamba za Elvis Musiba. Fedha niliyoitenga inatosha njia moja tu: kununua seti hiyo, kuwapa mafundi wa hapa Arusha au Moshi wajalidi vitabu vyangu, au kuviacha vilivyo na kuvitengenezea makasha. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mjalidi, Kaloleni
Ndugu yangu, kabla ya kuzungumzia ngozi, kitazame kitabu kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona mafungu madogo ya karatasi zilizokunjwa, na ukikifungua ukaona uzi katikati ya fungu, kitabu hicho kimeshonwa na kinaweza kushonwa upya. Ukiona karatasi mojamoja zilizoshikwa na gundi, basi hapana mkunjo wa kupitishia sindano. Riwaya nyingi za jalada laini ziko hivyo, kwa sababu kiwandani mikunjo hukatwa na mgongo ukapakwa gundi ya moto. Hapo fundi ana mawili: ama ashone kutoka ubavuni, jambo linalomeza ukingo wa ndani na kukifanya kitabu kigome kufunguka, ama azipinde kurasa zote pamoja upande mmoja kisha wa pili, ili kingo zipishane kidogo, na kuzipaka gundi nyeupe ambayo hubaki laini hata ikikauka. Njia hii ya pili ni nzuri, lakini haikigeuzi kitabu kuwa cha kushonwa. Ndiyo maana nasikitika ninapoona mteja akilipia ngozi ya thamani ivishwe juu ya kurasa ambazo zitaanza kuchomoka. Hata hao wa Uingereza, waulize kwanza kama kurasa zao zimeshonwa. Wakijibu kwa kuisifu ngozi pekee, usilipe.

Steshenari zetu za mjini zinazojalidi tasnifu hufanya kazi safi kwa reksini, yaani kitambaa kinachoiga ngozi, ila wengi hutoboa ubavuni na kupitisha kingo kwenye mashine ya kukatia. Kwa riwaya ndogo yenye ukingo mwembamba, hiyo ni hasara isiyorudishika.

Dada wa Kiboriloni
Shikamoo Mjalidi. Nakubaliana nawe kuhusu uzi, lakini nadhani swali la kwanza ni kama kitabu kiguswe au kisiguswe. Kaka wa Njiro, ikiwa miongoni mwa hizo za Bwana Msa unayo *Mzimu wa Watu wa Kale* ya chapa ya kwanza, ya mwaka 1960, tafadhali usiijalidi kabisa. Wakusanyaji hulipia jalada la asili na, kikiwapo, kile kifuniko cha karatasi cha nje. Ukivitupa ukaweka ngozi, umepata kitabu kizuri na umepoteza ushahidi wa jinsi kilivyotoka kiwandani. Hicho ni cha kasha, tena la ubao wa karatasi usio na asidi.

Msomaji wa Njiro
Asante kwa ushauri, dada. Nimevikagua vyote jioni hii. Za Christie zenye jalada gumu zimeshonwa. Za jalada laini zote ni za gundi, na karatasi zake zimekuwa za kahawia. Hiyo ya Bwana Msa ni chapa ya baadaye, nayo mgongo umeachia.

Fundi ngozi, Majengo Moshi
Karatasi ya kahawia inayokatika ukiikunja pembe haiponyeki kwa jalada, kwa hiyo hizo ziache. Kwa zile zilizoshonwa, ngozi ya viatu uikatae hata ikiwa laini namna gani: nyingi hulainishwa kwa kromi, na chuma cha moto hakiachi alama inayodumu juu yake. Tafuta ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa magome ya miti kama miwati, kisha ipunguzwe kingo kwa kisu hadi ikunjike bila kuacha uvimbe. Dhahabu halisi hushikizwa kwa ute wa yai na kukandamizwa kwa mhuri wa shaba njano uliopashwa moto. Ile ya bei nafuu yenye mchanganyiko wa shaba hubadilika rangi baadaye. Mwombe fundi ajaribu mhuri kwenye kipande cha ngozi hiyohiyo mbele yako, na umwandikie jina la kitabu kwa mkono wako ili herufi zisikosewe.

Mjalidi, Kaloleni
Naongeza jambo la masika. Kuanzia Machi hadi Mei ngozi huota ukungu ikiegemezwa kwenye ukuta wa nje, na kasha linalobana mno hufungia unyevu ndani. Acha nafasi ya kidole nyuma ya vitabu. Ningekuwa wewe, seti ya Uingereza ningeiacha, nikaanza na huyo Bwana Msa aliyeachia mgongo: kama mafungu yake bado yana mikunjo, mlete Kaloleni akiwa mkavu, tumfungue pamoja kabla hujakubaliana bei na mtu yeyote.

Msomaji wa Njiro
Nitamleta Jumamosi asubuhi, pamoja na mbili za Christie zilizoshonwa. Ngozi nitaiulizia Moshi.