Mrejesho: kiumbe niliyemfukua shambani Mpwapwa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama kiumbe wa rangi ya waridi, asiye na miguu, niliyemfukua katika shamba la karanga hapa Mpwapwa, ni nyoka mchanga au nyungunyungu, na kama huenda ni spishi mpya. Nilimpeleka kwa mhadhiri wa biolojia mjini Dodoma, naye akanieleza kwamba ni mtambaazi wa kundi la amfisbenia, ambaye magamba yake hupangika kama pete kuzunguka mwili na macho yake hufunikwa na ngozi. Spishi mpya haitangazwi kwa kutazama rangi: pete za mwili na za mkia huhesabiwa kwa hadubini, magamba ya kichwa huchorwa, kisha vyote hulinganishwa na vielelezo vya makumbusho. Wilaya yetu tayari ina spishi mbili za kundi hili: Geocalamus modestus, aliyeelezwa na mwanasayansi Günther mwaka 1880, na Chirindia mpwapwaensis, aliyeelezwa na mwanasayansi Loveridge mwaka 1932. Wangu, mwenye kichwa cha mviringo, ametambuliwa kuwa huyo wa pili. Sikusikitika hata kidogo, maana jina la kwetu limo ndani ya jina lake, nami sikuwahi kulisikia. Amehifadhiwa katika spiriti, pamoja na tarehe na mahali nilipomfukua. Majirani, mkimpata mwingine msimpige jembe, hana sumu.