Tupeane uzoefu: Kumfundisha mtoto kujikubali na kushukuru kwa kuandika

Chaki Nyeupe
Wadau, uzi huu ni wa walimu na wazazi wa watoto wa miaka 7 hadi 12. Tuwekeane mbinu kamili: swali gani, dakika ngapi, na panapoharibika. Naanza na shukrani.

Ukiwaambia "andikeni mambo matano mnayoyashukuru," darasa zima litakuletea majibu yale yale: wazazi, afya, uhai, shule. Watoto hawana kosa. Swali ni pana mno, kwa hiyo wanajibu wanachodhani mwalimu anataka. Omba mambo mawili au matatu tu, yaliyotokea jana au leo, na kila moja liwe na "kwa sababu".

Mtoto akiandika "Nawashukuru marafiki zangu," usimkosoe. Muulize: nani hasa? Alifanya nini? Ilimgharimu nini, muda, kitu au nguvu? Sentensi itarudi hivi: "Namshukuru jirani yangu wa dawati kwa sababu aliniazima kifutio kwenye hesabu, naye alikuwa bado anakihitaji." Hapo mtoto ameona kwamba mtu alijinyima kwa ajili yake, na ndicho tunachokitafuta.

Dakika 10 zinatosha, mara moja kwa wiki. Wanasaikolojia Emmons na McCullough, katika utafiti wao wa mwaka 2003, walilitaka kundi moja la wanafunzi wa chuo liandike mambo ya kushukuru kila wiki kwa wiki 10. Mtafiti mwingine, Froh, na wenzake, mwaka 2008, waliwataka wanafunzi wadogo zaidi waandike kila siku kwa wiki 2. Kwa watoto wadogo napendelea ya wiki, maana ya kila siku wanaizoea upesi na kuanza kunakili ya jana.

Mama Daftari
Nyongeza kuhusu kujikubali, kwa sababu hapa ndipo tunapoumiza watoto kwa nia njema. Zile sentensi za "Mimi ni mzuri, mimi ni hodari" zisinakiliwe ubaoni. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wazima wenye kujithamini kidogo walijisikia vibaya zaidi waliporudia sentensi ya kujisifu. Sababu inaeleweka: moyoni mtu anaibishia. Sioni kwa nini mtoto awe tofauti.

Badala yake mpe mambo ya kweli. Kunja karatasi mara mbili upate visanduku vinne, na kila kisanduku kianze hivi:
"Ninaweza…"
"Bado siwezi…"
"Napenda…"
"Huwa naogopa…"

Sentensi moja hadi mbili kila kimoja. Kisanduku cha pili na cha nne visirekebishwe wala kufarijiwa haraka haraka. Mtoto ameandika "Bado siwezi kusoma kwa sauti"? Iache ikae jirani na "Ninaweza kuchora farasi". Kuyaona yote mawili kwenye ukurasa mmoja ndiko kujikubali kwenyewe.

Kwa miaka 10 na kuendelea kuna barua. Mtoto anamwandikia rafiki wa kubuni mwenye shida inayofanana na yake, sentensi tano hadi nane. Akimaliza, anafuta jina la rafiki na kuweka lake, kisha anaisoma kimya. Watoto wengi huwa wapole kwa mwenzao kuliko kwa nafsi zao, na barua hii inawarudishia upole huo.

Kalamu ya Risasi
Kalamu nyekundu ikae mbali. Ukisahihisha herufi kwenye ukurasa huu, wiki ijayo mtoto ataandika maneno anayoyajua kuyaandika tu, si anayoyahisi. Tahajia ina kipindi chake. Wala usitoe alama.

Mzazi Msomaji
Na yule anayesema "sina cha kushukuru"?

Chaki Nyeupe
Mwamini, ndugu yangu. Huenda amefiwa, huenda nyumbani hapakaliki. Usimwambie "wenzako wana shida zaidi". Hiyo inamfundisha kushukuru kwa kuwatazama wengine chini, na inamnyamazisha. Mpe swali jingine: "Leo kitu gani kilikuwa afadhali kidogo?" Au mwache aandike kilichomuudhi. Kwa sababu hiyo hiyo, usiwalazimishe darasa zima kumwandikia mzazi barua ya shukrani. Waseme wenyewe wanamwandikia nani.

Mama Daftari
Suala la siri pia, jamani. Kabla ya somo la kwanza waambie wazi: anayekunja pembe ya ukurasa, ukurasa wake hautasomwa darasani. Mwalimu atausoma peke yake, na akikuta mtoto anaumizwa au anataka kujiumiza, hatanyamaza. Atatafuta mtu mzima wa kumsaidia. Waambie mwanzoni kabisa, kwa sababu mtoto akiyajua hayo baada ya kuandika ataona amesalitiwa.

Kusoma mbele ya wenzao ni kwa hiari. Dalili ya kuharibika ni pale karatasi zinapoanza kushindana, huyu ana mambo matatu, yule kumi. Zuia mapema kwa kuweka kikomo.

Kalamu ya Risasi
Kwa wa miaka 7 ambao mkono bado mzito: wachore kwanza dakika 5, wakueleze kwa mdomo, wewe uandike sentensi moja chini ya mchoro kwa maneno yao yale yale. Usiyapambe. Wakiweza, wainakili wenyewe chini yake.